Helikopta ya Rimoti na Alifu kwa Kijiti

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Kwa miaka mingi nimelitii neno hilo bila ya kulihoji, kwani nililisikia kwa wazee ambao hawakuwa na tabia ya kusema upuzi. Maana yake twaijua sote: asiyesikia la mkuu na akatwe kidogo, ili siku ya pili asikie. Lakini Ijumaa moja baada ya sala ya alasiri, katika uwanja wa wazi ulio karibu na bahari hapa Mombasa, nilimwona mtoto aliyelilia wembe akapewa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama wahenga wangalisema vile lau wangaliuona wembe wenyewe.

Wembe huo ulikuwa ni helikopta. Sisemi ile ya kupanda watu, bali ile ndogo inayoongozwa kwa redio kutoka ardhini, ambayo vijana wetu huiita helikopta ya rimoti. Kijana mmoja wa mtaani petu aliletewa na nduguye afanyaye kazi Ghuba. Mapanga yake ya juu, kutoka ncha hii hadi ncha ya pili, hayakupungua sentimita 70. Kijana akaiweka chini, watoto wakamzunguka, akasukuma kijiti, nayo ikapaa. Watu wakapiga makofi. Mara ikajizungusha, ikamwelekezea pua. Akaona yamjia, akasukuma kijiti kushoto ili imwepuke kushoto kwake, nayo ikaenda kulia. Akazidi kusukuma, ikazidi kukimbia. Kabla hatujavuta pumzi ikawa imejibamiza chini, na kipande cha panga kikapita juu ya vichwa vya watoto kikagonga ukuta.

Hapana aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini jioni ile barazani hapakuwa na mazungumzo mengine. Wako waliosema vitu hivi vipigwe marufuku. Wako waliosema mtu hujifunza kwa kuvunja, na avunje mara kumi, ya kumi na moja atajua. Ndipo kijana mmoja mpole, mwanafunzi wa ufundi, aliposema kwa heshima: "Wazee wangu, angaliruka kwanza kwenye simuleta miezi miwili, haya yasingalitokea." Akatueleza kuwa simuleta ni programu ya kompyuta ya kujifunzia kuruka. Tukamcheka. Mtu ajifunze kuruka kwa kutazama kioo cha kompyuta? Nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka, na haya niyaandikayo leo ni malipo ya deni la kicheko kile.

Kwanza yafaa tuelewe kwa nini chombo hiki ni kigumu. Ndege ya kawaida yenye mabawa, ukiiacha mikono kitambo kidogo, aghalabu huendelea na safari yake. Helikopta haina subira hiyo. Kuifanya itulie hewani mahali pamoja ni mfano wa kusimamisha gololi juu ya sahani iliyopinduliwa: kila nukta yataka kuponyoka, na kila nukta wewe wairudisha. Isitoshe, kila unachokigusa huvuruga kingine. Ukiiongezea mapanga nguvu ili ipae, kiwiliwili chataka kuzunguka kinyume cha mapanga, na ile rafadha ndogo ya mkiani ndiyo yenye kazi ya kukizuia. Ukiiinamisha mbele ili iende, yaanza kushuka. Basi vidole vya mikono miwili, juu ya vijiti viwili, vyafanya kazi nne kwa wakati mmoja.

Tena kuna lile lililomfika kijana wetu. Maadamu mkia umekuelekea wewe, kushoto kwake ni kushoto kwako. Pua ikikugeukia, kushoto kwake kumekuwa kulia kwako, kama mtu aliyekukabili uso kwa uso. Kulifahamu jambo hili kwa akili ni kazi ya dakika moja, na hata mtoto utamweleza akaelewa. Lakini vidole havina akili, vina mazoea tu. Wakati wa hofu akili hukimbia, na mtu hubaki na vidole vyake. Kama vidole havikuzoezwa, kitakachofuata tumekwisha kukiona.

Wengine hudhani helikopta hii ni sawa na droni, yale madude ya rafadha nne yanayopiga picha harusini. Si sawa hata kidogo. Droni ya kupigia picha ina vifaa ndani yake vya kuituliza, na ukiviachia vijiti husimama yenyewe hewani ikakungojea. Siku hizi zipo helikopta zenye msaada kama huo, lakini wanaoupenda mchezo wenyewe huuzima, kwa kuwa utamu wao umo katika kuishika kwa mikono yao. Na zile kubwa za mchezo huu zina mapanga yenye upana wa mita moja na nusu hivi, yanayozunguka mara 2,000 kwa dakika moja. Piga hesabu, utaona kuwa ncha ya panga yakata hewa kwa mwendo unaopita kilomita 500 kwa saa. Huo si wembe wa kunyolea ndevu.

Sasa simuleta ni kitu gani? Kama tulivyosema, ni programu inayotiwa katika kompyuta. Kiooni waona uwanja, miti, anga, na helikopta imekaa chini ikikungojea. Mkononi washika rimoti, mara nyingi ileile utakayoishika siku ya kuruka kweli, ila imeunganishwa na kompyuta kwa waya. Ukisukuma kijiti, programu yapiga hesabu mara nyingi katika kila sekunde: nguvu ya mapanga, uzito wa chombo, msukumo wa upepo. Kisha yakuonyesha kile ambacho helikopta ya kweli ingalikifanya. Ukiangusha, waviona vipande vikitawanyika. Wabonyeza kitufe kimoja, nayo yasimama tena nzima. Programu hizi si za jana. RealFlight ilianza kuuzwa mwaka 1997, na baadaye ikaenea nyingine iitwayo FMS ambayo watu waliipata bila ya malipo.

Kabla ya hapo watu walijifunza vipi? Mjerumani Dieter Schlüter, mmoja wa mafundi wa mwanzo kabisa waliofaulu kuzirusha helikopta hizi mwishoni mwa miaka ya 1960, hakuwa na kompyuta ya kumfunza. Yeye na wenziwe walijifunza kwa kuvunja na kuunda, kuvunja na kuunda. Wanafunzi waliokuja baadaye walifunga vijiti virefu vilivyopishana chini ya miguu ya helikopta ili isipinduke, wakairuka inchi chache tu kutoka ardhini. Ilikuwa njia ya heshima, lakini ilikuwa ya mwenye fedha na mwenye karakana. Maskini akivunja mara moja, masomo yake yalikoma hapo.

Kicheko chetu cha barazani nacho hakikuwa kipya. Mwaka 1929, katika mji wa Binghamton huko New York, alikuwako kijana aitwaye Edwin Link, ambaye babake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vikubwa vya kupigwa kwa upepo. Kujifunza urubani wakati ule kulikuwa ghali mno. Akachukua viriba vya kinanda, vile vinavyojaa na kutoa hewa, akaunda kijindege cha mbao kisichoruka. Mwanafunzi aliketi ndani, akivuta usukani kikainama, akikanyaga kikageuka. Akakipeleka kwa wenye shule za urubani, nao wakamwona mcheza sanaa. Alivyoviuza mwanzo viliishia katika viwanja vya michezo, watu wakivipanda kwa kujifurahisha kama vile pembea za sikukuu.

Ulipofika mwaka 1934, jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani wake hawakuwa wamezoea kuruka usiku na katika ukungu kwa kutegemea saa na mishale iliyo mbele yao. Katika muda wa wiki chache wakafa marubani kadha wa kadha. Hapo ndipo jeshi lilipomkumbuka yule mwenye kijindege cha kuchezea, likanunua vyake sita. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, vilikuwa vimekwisha kuundwa zaidi ya 10,000. Chombo kilekile kilichochekwa kuwa mchezo wa watoto ndicho kilichowafundisha marubani wa dunia. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka baraza yetu, nikaona haya.

Nikamwendea yule mwanafunzi wa ufundi nikamwambia, "Mwanangu, nionyeshe hicho kioo chako." Akaniweka mbele ya kompyuta akanipa vijiti. Sisemi uongo: katika robo saa ya kwanza niliiangusha zaidi ya mara 20. Niliigonga mitini, niliipindua, na mara moja niliipoteza kabisa nisijue iko mbinguni au ardhini. Yule kijana hakucheka. Aliniambia, "Maalim, usitake kuruka. Taka kusimama tu. Mkia ukuelekee wewe, nayo isimame hapohapo, mpaka uchoke."

Neno lile lilinirudisha miaka zaidi ya 40 nyuma, chuoni, mkekani, ubao magotini. Wasomaji waliopita chuoni watanielewa. Siku ya kwanza hatukupewa Yasini. Tulianza alifu kwa kijiti: mwalimu akitutamkia, nasi tukimfuatisha, mpaka ulimi ukazoea. Asiyeikamata aya ya jana hakupewa ya leo. Tulichokiandika ubaoni tukikosea kilioshwa kwa maji, ubao ukakauka, tukaandika upya. Ubao haukumwona haya aliyekosea, wala haukumtoza karatasi na wino mpya kwa kila kosa. Kosa la ubaoni lilikuwa ni sehemu ya masomo.

Basi simuleta ndiyo ubao wa mrukaji. Na kama ilivyokuwa chuoni, faida yake haipatikani ila kwa mpango. Alifu yake ni kuisimamisha helikopta hewani, mkia ukikuelekea. Bee yake ni kuisimamisha ikiwa imekaa ubavu, kushoto kisha kulia. Tee yake ni ile iliyomshinda kijana wetu, pua ikikutazama. Hiyo peke yake yaweza kula wiki kadha, na haina njia ya mkato. Kisha ndipo mtu aende mbele na kurudi, azunguke duara, achore nambari nane, na ajifunze kuiteremsha salama pindi injini ikizimika, kwa mapanga yanayozungushwa na hewa tu. Vitendo vya kupindua na kuruka chali, ambavyo vijana huviona kwenye filamu wakataka kuanza navyo, ni khitima. Nani aliyepata kuhitimu kabla ya kuanza?

Hapa ndipo nitofautianapo na wanaodhani kuwa kijana akishanunua programu hiyo mambo yamekwisha. La hasha. Simuleta ina kasoro yake, na kasoro hiyo imo ndani ya uzuri wake. Ni kile kitufe. Ukianguka wakibonyeza, na dunia yarudi kama haikutokea kitu. Mwenye kukibonyeza mara 100 kwa siku bila ya kujiuliza kwa nini ameanguka hajifunzi kuruka. Anajifunza kuanguka, na kubaya zaidi, anajifunza kwamba kuanguka hakuna thamani. Vidole vyake vitakuwa hodari na moyo wake utakuwa mpumbavu. Chuoni tuliosha ubao, lakini hatukuuosha kabla ya mwalimu kutuonyesha kosa lilikuwa wapi.

Na kioo hakifundishi kila kitu. Hakikupigi jua la machoni, wala upepo wa bahari unaogeuka ghafla. Umbali wake ni wa kudhania, kwa kuwa kioo ni bapa na macho mawili hayana kazi ndani yake. Betri yake haiishi, ilhali helikopta nyingi za betri huruka dakika chache tu kisha zataka kushuka. Skrubu zake hazilegei. Tena hakuna mtoto wa mtu anayekatiza uwanjani akikimbilia mpira. Zaidi ya yote, hakuna hofu, na hofu kidogo ni mlinzi.

Wala ustadi peke yake si kinga. Mwezi wa Septemba 2013, katika bustani moja ya mjini New York, kijana wa miaka 19 alipigwa na helikopta yake mwenyewe ya rimoti akafariki. Hakuwa mwanagenzi. Alikuwa mtu aliyeujua mchezo huo vyema. Namtaja kwa masikitiko, na kwa sababu moja tu: panga halimjui hodari wala mjinga, lamjua aliye karibu.

Kwa hivyo simuleta naifananisha na tayamamu. Asiyepata maji, au aliyekatazwa maji kwa ugonjwa, hujitwahirisha kwa mchanga safi, na sala yake ni sala. Hapana anayemcheka wala kumwambia kuwa anacheza na vumbi. Lakini tayamamu ina nia yake na taratibu zake, haifanywi ovyo kwa kuwa ni rahisi. Na maji yakipatikana, hukumu ya tayamamu imekwisha. Vivyo hivyo, kijana ambaye hana fedha za kuvunja, hana uwanja, wala hana mwalimu, na aanze kioo chake kwa moyo safi, wala asitahayari. Lakini akianze kwa nia na kwa taratibu. Na siku uwanja utakapopatikana, asibaki chumbani akijisifu kwa ushujaa wa kioo.

Nina maneno mawili kwa wazazi. Twalalamika kwamba vijana wetu wamekaa mbele ya vioo mchana kutwa, na mara nyingi ni kweli. Lakini tusivitie vioo vyote katika kapu moja. Kijana anayesimamisha helikopta kiooni nusu saa kila jioni, kisha akafunga na kwenda msikitini, anafundisha mikono yake subira. Nyumba ambayo haina uwezo wa kununua mapanga mapya kila wiki itaokoa fedha nyingi kwa njia hii, na majirani wataokoka macho yao. Kumkataza si dawa, kwani atakwenda kuirusha kwa siri darini.

Na kwenu vijana, nanyi nina ombi. Kila unapoanguka kiooni, usikiguse kitufe kwanza. Weka vijiti chini, jiulize: ilikuwa inatazama wapi? Nilisukuma nini? Ningalisukuma nini? Ukipata jibu, ndipo uinuke tena. Ukitoka uwanjani, simama mbali na chombo chako, uwatenge watoto, umwombe aliyekutangulia asimame kando yako siku za mwanzo. Usirushe penye watu wala karibu na kiwanja cha ndege. Kenya ina kanuni za vyombo visivyo na rubani tangu mwaka 2020, basi uliza kwa wenye mamlaka kabla ya kuruka, usingoje kuulizwa.

Yule kijana wa mtaani petu bado anayo helikopta yake. Mapanga mapya hajayanunua. Kila jioni yumo nyumbani kwa yule mwanafunzi wa ufundi, wameshirikiana kompyuta moja, na juzi aliniambia kwa furaha kwamba ameisimamisha, pua ikimtazama, dakika mbili nzima. Nilimuuliza lini atarudi uwanjani. Akanijibu, "Bado, mzee. Nimo kwenye tee." Nilifurahi kuliko siku ile watu walipompigia makofi.

Nami kwa kuwa siachi ada yangu, namfungia kwa beti mbili:

Mtoto kilia wembe, usimpe wa makali,
Kiooni na atambe, kuanguka ni sahali,
Asidhuru hata chembe, ya kiumbe wala mali,
Akihitimu aombe, uwanjani kwenda kweli.

Tayamamu ni ibada, kwa asiyepata maji,
Kioo kina faida, kwa mwanzo wa uchezaji,
Bali kina chake muda, si kikomo cha mwendaji,
Pasi adabu na ada, mtu hawi mrukaji.